Kinyume na Siri ya Duara

Miongoni mwa michezo ya lugha ya watu wa pwani umo ule uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele ili mtu asiyehusika asielewe. Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, kilichotoka mwaka 1870.

Majina ya Mrima wa kaskazini huonyesha vema kanuni yake. Tanga huwa ngata. Likigeuzwa tena, hurudi Tanga. Pangani huwa nipanga, kisha nganipa, na mara ya tatu hurudi Pangani. Kila silabi yaweza kufika kila nafasi. Lakini mbili haziwezi kubadilishana nafasi hali ya tatu imebaki palepale. Mfuatano wao katika duara haubadiliki kamwe, na hapo ndipo siri huvunjika.

Mwaka 1976 mwanahisabati Peter Cameron alithibitisha jambo lililo jirani kuhusu seti zisizo na mwisho. Kundi la mageuzi likiweza kupeleka kila fungu la vitu, la idadi yoyote yenye kikomo, mahali pa kila fungu lingine la idadi ileile, lakini lisiweze siku zote kuamua kila kimoja kiende wapi, basi halina budi kuhifadhi mfuatano wa mstari au wa duara, au kuugeuza nyuma mbele.

Kinyume, basi, huficha neno. Duara lake hakilifichi.