Nani Alianza Kutuma Roboti?

Mwaka jana, wiki mbili baada ya kukabidhi tasnifu yangu, niliweka kwenye kompyuta programu moja inayoomba kazi kwa niaba yako. Unaipa CV, unaiambia unataka kazi gani na wapi, halafu unaenda zako kulala. Asubuhi nikakuta imeshaomba kazi 61. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Siku ya nne nikapigiwa simu na dada mmoja mpole wa kampuni ambayo hata jina lake nilikuwa silijui. Akaniuliza, "Kaka, hapa umeandika una uzoefu wa miaka saba kwenye usimamizi wa maghala. Uliupatia wapi?" Miaka saba! Miaka saba nyuma nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Programu ilikutana na kisanduku kisichoruhusiwa kuachwa wazi, basi ikakijaza.

Nilimwomba radhi, simu ikakatwa, nikabaki na aibu yangu. Na swali: tulifikaje hapa? Ukiuliza mtaani utaambiwa vijana wa siku hizi wavivu, wanataka kila kitu kifanywe na kompyuta. Lakini ukirudi nyuma kwenye historia unakuta jambo la kushangaza kidogo. Aliyetangulia kuweka mashine katikati ya mwombaji na mwajiri ni mwajiri mwenyewe, tena kabla mimi sijazaliwa.

Hebu tuanze mbali zaidi. Karibu mwaka 1482, Leonardo da Vinci aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano. Aliorodhesha mambo kumi. Tisa ya kwanza karibu yote ni ya vita: madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya kivita. Uchoraji, uliompa jina duniani, aliutaja kuelekea mwisho. Kwa nini? Kwa sababu alimjua msomaji wake na alijua shida zake. Watu hupenda kuiita barua hiyo CV ya kwanza duniani. Mimi sishabikii sana mambo ya "wa kwanza duniani", ila inaonyesha kitu muhimu: barua moja, kwa mtu mmoja, iliyofikiriwa.

Kwa karne nyingi mambo yalibaki hivyo, na kilichoyalinda ni gharama. Muulize mzazi wako jinsi kuomba kazi kulivyokuwa: barua ya mkono au ya kupigwa chapa, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri, bahasha ya kaki, stempu, safari ya posta. Kwa usumbufu huo huwezi kuomba kazi 61 kwa usiku mmoja. Utaomba tatu unazozitaka kweli. Usumbufu wenyewe ulikuwa chujio, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Sasa twende California, mwaka 1988. Huko ilianzishwa kampuni iitwayo Resumix. Kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zinazidiwa na karatasi: makabati yamejaa CV ambazo hakuna anayerudi kuzisoma. Resumix ikaja na dawa. CV inapitishwa kwenye skana, kompyuta inatambua herufi moja moja, kisha programu inachambua maandishi na kuokota ujuzi, vyeo na elimu, na kuviweka kwenye kanzidata. Afisa ajira akihitaji mhasibu anayejua programu fulani, anaandika maneno hayo na orodha inatoka. Hata Jeshi la Marekani lilikuja kuutumia mfumo huo kuajiri raia.

Hapa ndipo mwombaji alipoanza kuandika kwa ajili ya mashine. Vitabu vya ushauri vya miaka ya 1990 vinachekesha ukivisoma leo: usikunje karatasi, usipige pini, usitumie herufi za mlalo wala mistari ya chini, maana skana itachanganyikiwa. Na ushauri mzito kuliko yote: tumia majina ya ujuzi, kwa sababu mashine inatafuta majina. Zamani uliambiwa ueleze ulifanya nini, sasa ukaambiwa upande maneno. Leonardo alimsoma Sforza. Mwombaji wa 1994 alilazimika kuisoma skana.

Mwaka huo huo wa 1994 ulizaliwa mtandao wa ajira wa Monster Board, na miaka iliyofuata intaneti ikaua gharama ya stempu. Kutuma maombi ya kumi kukawa rahisi sawa na ya kwanza. Maombi yakafurika, waajiri wakanunua machujio makali zaidi, waombaji wakaona hawajibiwi, wakaomba kazi nyingi zaidi ili angalau moja ipenye. Ndivyo mzunguko ulivyoanza. Baadhi ya watu wakawa wanaficha maneno ya tangazo lote kwenye CV kwa wino mweupe, binadamu hayaoni, kompyuta inayasoma.

Machujio yenyewe yalikuwa na upofu wake. Utafiti wa Harvard Business School na kampuni ya Accenture uliotoka 2021 uliwauliza waajiri wenyewe, na asilimia 88 walikubali kwamba mifumo yao inawatupa nje watu wenye sifa kwa sababu tu hawalingani neno kwa neno na masharti ya tangazo. Pengo la miezi sita bila kazi liliweza kukuondoa. Uwe uliuguza mzazi au ulijifungua, mfumo hauna kisanduku cha kueleza.

Kuna kundi jingine lililotumia kompyuta kutengeneza maombi ya kazi, ambalo husahaulika: watafiti. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu CV 5,000 za watu wasiokuwepo kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakibadilisha majina, mengine yakisikika ya Wazungu na mengine ya Wamarekani weusi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2004, yalionyesha kwamba CV zenye majina ya Wazungu zilipata simu kwa asilimia 50 zaidi. Baadaye wachumi wakaandika programu maalumu za kuzalisha CV za kubuni, na kufikia 2022 timu ya Patrick Kline ilichapisha utafiti wa maombi zaidi ya 83,000 kwa kampuni kubwa 108. Yaani chombo kilekile kilichoniaibisha mimi kiliweza kutoa ushahidi ambao mtu mmoja na bahasha yake asingeupata kamwe.

Ungedhani basi dawa ya upendeleo wa binadamu ni kumwachia kompyuta achague. Amazon walijaribu. Kuanzia 2014 walijenga mfumo wa kuzipa CV nyota moja hadi tano, wakaufundisha kwa CV walizopokea kwa miaka kumi. Wengi waliokuwa wameomba ni wanaume, hivyo mfumo ukajifunza kwamba mwanaume ndiye mwombaji mzuri. CV iliyotaja klabu ya wanawake ilishushwa alama. Shirika la habari la Reuters lilifichua habari hiyo Oktoba 2018, mradi ukiwa umeshafungwa.

Roboti wa upande wetu walikuja kwa kishindo baadaye. Akili mnemba ya ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, kipande kilichokuwa kigumu, yaani kuandika barua inayofanana na tangazo, kikawa chepesi. Mwaka 2024 programu huria iitwayo AIHawk ikasambaa, ikiomba kazi LinkedIn bila mwenyewe kugusa kitufe. Kufikia katikati ya 2025, LinkedIn ilikuwa inapokea wastani wa maombi 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: kila ombi likisomwa dakika moja tu, unahitaji watu 11,000 wanaosoma bila kunywa maji. Kwa hiyo anayesoma ni mashine.

Huko Marekani suala limefika mahakamani. Derek Mobley aliishtaki kampuni ya Workday mwaka 2023, akidai kwamba mifumo yake ilimkataa kwa zaidi ya kazi 100 kwa sababu za rangi, umri na ulemavu. Anadai kuna ombi alilotuma usiku, likakataliwa chini ya saa moja baadaye, usiku uleule. Workday inakanusha. Mei 2025 jaji aliruhusu madai ya umri yaendelee kama kesi ya pamoja kwa waombaji wa miaka 40 na kuendelea.

Na kwetu? Msinilaumu, lakini nadhani sisi tunaitazama hadithi hii kwa jicho jingine. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilipata waombaji 135,027 kwa nafasi 1,596, karibu watu 85 kwa kila kiti. Uwanja ule haukujazwa na roboti. Ni watu waliovaa viatu vilivyong'arishwa, wengine wamelala kwa ndugu ili wawahi asubuhi. Programu inaweza kuongeza kelele au kuipunguza, nafasi zinabaki 70.

Ile ya kwangu niliifuta siku ileile ya simu. Nikaandika barua nne kwa mkono wangu, moja ikanipatia kazi ya muda ya kukusanya data. Lakini majibu ya zile 61 yaliendelea kuja kwa miezi miwili. La mwisho liliingia saa tisa usiku: "Tumepitia maombi yako kwa umakini mkubwa."