Sili ya Nyuma: Sura Moja ya Historia ya Gereji za Dar es Salaam

Historia ya miaka ya uhaba nchini Tanzania, yaani tangu mwisho wa miaka ya 1970 hata katikati ya miaka ya 1980, aghalabu husimuliwa kwa sukari, sabuni, unga na khanga. Vitu hivyo vilipangiwa foleni, na kila aliyesimama katika foleni akawa shahidi. Lakini palikuwa na vitu vingine vilivyoadimika ambavyo havikuwa na foleni, kwa kuwa watu wengi hawakuvijua hata kwa sura. Kimoja ni kipande cha mpira kinachoizunguka ncha ya nyuma ya krankishafti ya injini na kuizuia oili isimwagike. Mafundi wa Temeke na Kinondoni hukiita sili ya nyuma. Aliyeielewa sili hii ameelewa jambo moja kubwa kuhusu miaka ile: kwamba thamani ya kitu haikuwa bei yake dukani, bali kazi ya kukifikia na hasara ya kukikosa.

Krankishafti ni mhimili unaozipokea nguvu za pistoni na kuzigeuza kuwa mzunguko. Mhimili huo hauna budi kutokeza nje ya injini upate kushikana na flaiwili na klachi. Na pale unapotokeza pana mwanya, maana chuma kinachozunguka hakiwezi kubanwa na chuma kilichotulia. Oili huutafuta mwanya huo mchana na usiku. Watengenezaji wa zamani walijaribu hila nyingi. Wengine waliuchonga mhimili mifuo kama ya parafujo ili mzunguko wenyewe uirudishe oili ndani. Wengine waliuzungushia kamba ya asbesto iliyotiwa grafiti, na madhara ya asbesto kwa mapafu ya fundi hayakuwa yakisemwa gerejini siku hizo. Wengine walitumia ngozi. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha ngozi cha Freudenberg, mjini Weinheim, Ujerumani, kilisambaza sili ya ngozi yenye mdomo uliobanwa kwa springi. Na kabla ya muongo ule kwisha, mpira wa viwandani ulikwisha anza kushika mahali pa ngozi.

Gari lililowafundisha mafundi wengi wa nchi hii adha ya sili ya nyuma ni Land Rover. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na baada ya miaka michache likawa gari la mabwana shamba, la maaskari wa wanyama pori, la waganga na la wanasiasa. Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, ilipewa sili iliyopasuliwa mahali pamoja ili iweze kufunguliwa na kuvishwa mhimili, kisha ikabanwa kwa vishikio viwili vya nusu duara. Yaonekana kuwa ni jambo jepesi. Lakini ili kuifikia, fundi hung'oa mbao za chuma za sakafu na sanduku la viti, hufungua shafti za kwenda mbele na nyuma, kisha huinyanyua giaboksi na kuitoa kwa ndani ya gari, si kwa chini. Zifuatie klachi, flaiwili na nyumba yake. Hatimaye sampu, yaani bakuli la oili, pamoja na kifuniko cha beringi ya nyuma. Tawi la mwembe lililokomaa na mnyororo wa kunyanyulia vilitosha kuwa karakana. Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya kitu kinachokaa katika kiganja cha mkono.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hakuanza kwa spana. Alianza kwa kutazama. Chini ya nyumba ya flaiwili ya Land Rover pana tundu; oili inayodondoka hapo yaweza kuwa ya injini au ya giaboksi, nazo hutofautiana: ya giaboksi ni nzito na ina harufu kama ya kiberiti, ya injini ni nyepesi na huwa nyeusi kwa moshi. Na hata ikiwa ya injini, yawezekana imeteremka kutoka juu kwenye kifuniko cha valvu, ikauzunguka mwili wa injini na kumsingizia sili. Fundi huiosha injini, huipaka unga wa chaki, huliendesha gari kidogo, kisha husoma njia ya oili juu ya weupe ule. Tena hutazama bomba la kupumulia la injini. Likiziba, mvuke hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje hata kama sili ni mpya. Elimu hii ndiyo iliyokuwa akiba ya gereji wakati akiba ya spea ilipokwisha.

Nayo ilikwisha kwa sababu zilizofuatana. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka huo hata mwaka 1983, hivyo mkondo wa bidhaa za Nairobi ukakatika. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, vikala fedha za kigeni zilizosalia. Katika hali hiyo sili ya nyuma ilipaswa kugombea fedha za kigeni pamoja na dawa na chakula, na mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba ilistahili kushinda. Lakini oili nayo ilitoka ng'ambo. Gari lililovuja lilimwaga mchangani, tone kwa tone, fedha zile zile zilizokataliwa kununulia sili.

Mwenye gari alibakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuongeza oili kila siku na kuomba klachi isilowe, maana klachi iliyolowa huteleza, na gari lenye shehena haliwezi kupanda mlima. Ya pili ni kuitoa sili katika gari lililokufa na kuitia katika gari lililo hai. Hivyo ndivyo magari mengi yalivyogeuka kuwa ghala. Ya tatu ni kuifufua sili ile ile: kuisafisha, kuipunguza springi yake kidogo ili mdomo ubane tena, na kuirudisha, huku maungio yake yakielekezwa mbali na maungio ya vishikio. Hila hii ilijulikana kwa mafundi wa nchi nyingi. Haikudumu sana, lakini miezi michache ya gari ilikuwa kitu.

Kazi hizi hazikufanyika tu katika karakana zenye vibao. Zilifanyika pia katika gereji bubu, kando ya barabara ya Kilwa, Tandika, Mwananyamala na Magomeni, mahali pasipokuwa na ukuta wala leseni. Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwamba historia ya motokaa Tanzania haiwezi kuandikwa kwa kuwatazama watawala na waagizaji peke yao. Hoja hiyo ina nguvu zaidi mtu akikumbuka lugha. Vitabu vya matengenezo viliandikwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi alijifunza kwa Kiswahili, kwa kushika taa na kupokea spana, na maneno kama sili, sampu na flaiwili yakapata ngeli zao chini ya gari kabla ya wanazuoni kuyaulizia. Makumbusho ya Taifa, katika mtaa wa Shaaban Robert, yamehifadhi magari ya viongozi, ikiwemo Rolls-Royce. Ni vema. Mikono iliyoyafanya magari ya wengine yatembee haikuwekewa chumba.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 maduka ya spea ya Kariakoo yakaanza kujaa. Hata hivyo mihimili ilikuwa imekwisha kuzunguka miaka mingi ndani ya sili kavu na oili chafu. Mpira mkavu wenye vumbi hukikwaruza chuma na kukichimba mfuo. Ndiyo maana fundi wa leo anayeletewa Land Rover la umri huo, pamoja na sili mpya ndani ya mfuko wake, hushusha giaboksi, hufuta mhimili kwa kitambaa, kisha hupitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukikwama, sili hurudi mfukoni, na mhimili hupelekwa kwa mkereza vyuma.