Kutoka santuri za Jadotville hadi kle ya gari Likasi

Jumapili iliyopita hapa Kikula, mzee mmoja jirani yangu aliketi ndani ya gari la mtoto wake akingoja gitaa la Mwenda wa Bayeke. Kijana alichomeka kle, redio ikawaka, ikatafuta, kisha ikaonyesha kwamba haioni kitu. "Papa, redio inaikataa hii kle," alisema. Rafiki yake akamshauri aipeleke kwenye kompyuta waifomati, mambo yaishe. Hapo nikaingilia. Ndani ya kle ile mlikuwa na nyimbo za kaseti zote za mzee, zilizonakiliwa mwaka juzi, na kaseti zenyewe zilikwisha kutupwa. Kufomati ni kufuta.

Wasomaji wapenzi, muziki ule una historia na mji wetu. Mwaka 1952, Likasi ikiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alifika na mitambo yake ya kurekodi akamkuta Jean Bosco Mwenda, kijana mzaliwa wa Bunkeya, akipiga gitaa. Alirekodi nyimbo zake hapa hapa, "Masanga" ikiwemo. Zilitoka kwenye santuri za Gallotone, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukuzidi sana dakika tatu. Santuri hizo zilisambaa mbali, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Gramafoni mpya zilipokuja bila mwendo wa 78, santuri zile zilibaki bubu. Zilikuwa nzima, ila hazikuwa na mashine. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ndiyo iliyoupandisha muziki garini. Nani hapa hakuzungusha utepe kwa kalamu, dereva akingoja? Tulizicheka kaseti, lakini redio yoyote ya kaseti ilisoma kaseti yoyote.

Kle si hivyo. Zilianza kuuzwa mwaka 2000, na ndani yake faili hupangwa kwa mfumo fulani. Redio nyingi za magari zinajua mfumo wa FAT32 wa mwaka 1996. Kle kubwa za leo, za GB 64 na kuendelea, kwa kawaida huuzwa zikiwa na exFAT, na nyingine watu wamezifomati kwa NTFS kwenye kompyuta. Simu na kompyuta zinazisoma vizuri, ndiyo maana mwenye gari anadhani redio imekufa. Kwa miaka mingi Windows yenyewe ilikataa kutengeneza FAT32 juu ya GB 32, kwa hiyo kle ya GB 8 au 16 haina usumbufu.

Faili nazo zina mambo yake. Sauti za WhatsApp mara nyingi ni Opus, zinazotolewa kwenye video mara nyingi ni M4A, na redio ya zamani inajua MP3 na pengine WMA. Nimeona vijana wakibadilisha mwisho wa jina tu, wakiandika mp3. Hiyo ni kubandika karatasi mpya juu ya kaseti ile ile. Lazima wimbo ugeuzwe kwa programu.

Mtu atauliza kwa nini asisikilize tu FM. Magari mengi tunayonunua yametumika kwanza Japani, na redio zake za zamani hukamata kuanzia 76 hadi 90 tu. Vituo vya juu ya 90 havisikiki. Hata ukinunua kile kifaa kidogo cha kurushia muziki, kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara, kiweke kwenye 88, si kwenye 100, la sivyo utalaumu mwuzaji bure.

Basi jioni ile tulinakili kwanza kila kitu kwenye kompyuta ya binti wa jirani. Tukafungua nyimbo kumi hivi, moja moja, kuhakikisha zinalia. Kle ya mzee, ya GB 64, hatukuigusa. Tulitafuta nyingine ya GB 8, tukaifomati FAT32, tukamimina nyimbo humo, "Masanga" ya mwisho. Redio ikasoma.

Jambo moja tulilisahau: redio nyingi hazifuati alfabeti, hufuata mpangilio wa kunakiliwa. Mzee alikataa wimbo wowote urukwe. Tulizunguka Kikula, tukapita Panda, tukashika njia ya Kambove, na giza lilikuwa limeingia gitaa la Mwenda lilipoanza. Mzee alimwambia mtoto wake azime injini, aache redio tu.