Dawa ya Kuvunja, Dawa ya Kuunga: Protini na Nywele Zetu

Kwenye saluni za Mayfair zinazoongea Kiswahili, neno "dawa" lina kazi mbili. Mtu akisema "nimeweka dawa", amenyoosha nywele kwa kemikali. Miezi miwili baadaye nywele zinakatika kisogoni, anarudi kwa msusi, na msusi anamwambia: "Hizi zinataka dawa." Safari hii anamaanisha protini. Kopo la kwanza limevunja, kopo la pili linaunga, na yote mawili yanaitwa dawa.

Swali linalotujia mara nyingi ni hili: protini inafanya kazi kweli, au ni biashara tu? Jibu fupi ni kwamba inafanya kazi, ila si ile kazi unayoahidiwa. Jibu refu ni historia, na kipande kikubwa cha historia hiyo kimepita kwenye mitaa hii hii tunayokaa.

Penseli na mtaa

Mwaka 1950 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria mbili zilizotembea pamoja. Sheria ya Usajili wa Watu ilimwandikia kila mtu kundi la rangi yake. Sheria ya Maeneo ya Makundi ikasema kundi lipi likae wapi. Sheria ya kwanza ilimpima mtu kwa anavyoonekana na kwa jinsi jamii inavyomkubali. Pale ambapo sura haikutoa jibu, maofisa walienda kwenye nywele. Penseli ilichomekwa kichwani: ikidondoka, ulikuwa na nafasi ya kuandikwa mzungu; ikinasa, nafasi hiyo imekwisha. Kipimo hicho hakikuandikwa ndani ya sheria, lakini watu waligawanywa nacho, hata ndani ya familia moja.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Sandra Laing, aliyezaliwa mwaka 1955 kwa wazazi walioandikishwa wazungu. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia na nywele zake za kujikunja. Mwaka 1966 aliondolewa kwenye shule ya wazungu huko Piet Retief, na serikali ikambadilisha kundi na kumwandika "Coloured". Mwaka uliofuata, baada ya baba yake kupigania jambo hilo, akarudishwa kuwa mzungu. Mtoto yule yule, nywele zile zile.

Sasa tuilete habari hii mtaani kwetu. Mayfair ilitengwa kwa ajili ya wazungu, wengi wao watu wa tabaka la wafanyakazi. Jirani yetu Pageview, yaani Fietas, ilivunjwa miaka ya 1970 na Wahindi wake wakasukumwa Lenasia. Baadhi yao walikataa kukaa mbali namna ile na mji, wakaanza kuingia Mayfair kinyume cha sheria. Mmoja wao, Bi. Govender, alishtakiwa, na mwaka 1982 Jaji Richard Goldstone akaamua kwamba kumtia mtu hatiani chini ya sheria ile hakumaanishi moja kwa moja kumtoa nyumbani. Lazima kwanza mahakama iulize ana pengine pa kwenda. Uamuzi huo ulizifanya kesi za namna hiyo Johannesburg zipoteze nguvu. Sheria zote mbili za 1950 zilifutwa mwaka 1991.

Kwa hiyo tunaposema nywele ni jambo dogo, tukumbuke kwamba kwa miaka arobaini mkunjo wa nywele ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyoweza kuamua nani alale Mayfair na nani apite tu.

Kipilipili na singa

Mwaka huo huo wa 1991, mwezi Januari, serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Katika miaka iliyofuata Mayfair ikapokea Wasomali, Waethiopia, na watu wanaoongea Kiswahili: Wabajuni, Wakenya, Watanzania, Wakongo. Wazee wetu hawakukuta penseli hapa. Lakini walikuja na kipimo chao wenyewe, na kilikuwa ndani ya lugha.

Kiswahili kina nywele za singa, zinazolala, na kina nywele za kipilipili, zinazojikunja zikawa kama punje za pilipili manga. Ukisikiliza vizuri utaona kwamba maneno haya mawili hayasemwi kwa sauti moja. Singa husemwa kwa kusifu. Kipilipili mara nyingi husemwa kwa kucheka, au kwa kumwonea mtoto huruma siku ya kuchana. Ni maneno ya pwani iliyokuwa na mabwana na watumwa, na bahari iliyoleta wageni wenye nywele za kulala. Hakuna aliyehitaji penseli, kitana kilitosha.

Mambo haya yaligeuka siasa kwetu pia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kung'arisha ngozi na mawigi vingepigwa marufuku Dar es Salaam. Hoja yao ilikuwa kwamba vitu hivyo vinadhalilisha utamaduni wa taifa. Waliobughudhiwa barabarani wakati wa operesheni ile walikuwa hasa wanawake. Angalia basi: huku Johannesburg ofisa anakushika nywele ajue kama wewe ni mzungu, kule Dar kijana wa chama anakutazama kichwani ajue kama wewe ni Mwafrika wa kutosha.

Mtu mmoja, dawa mbili

Protini inaingia hapa. Mwaka 1960 huko Marekani, mwigizaji Paula Kent na mtengeneza nywele Jheri Redding walianzisha kampuni ya Redken. Wazo walilouza ni kwamba nywele zenyewe ni protini, kwa hiyo zitunzwe kwa protini na kwa kuangalia asidi ya kila kinachozigusa. Wakati ule ilikuwa lugha mpya saluni.

Redding huyo huyo ndiye aliyelipa jina lake mtindo wa Jheri Curl. Hiyo ni kemikali ya hatua mbili: moja inalegeza mkunjo wa asili, nyingine inaufunga upya kwa umbo la rola. Karibu mwaka 1980 kampuni ya Pro-Line ya Comer Cottrell ikaifungasha kwa matumizi ya nyumbani kwa bei nafuu, ikaiita Curly Kit. Watanzania wataitambua mara moja. Ndiyo kalikiti, ile ya picha za harusi za wajomba zetu, yenye mafuta mpaka kwenye kola ya shati.

Kwa hiyo dawa ya kuvunja na dawa ya kuunga ni ndugu, zimelelewa kwenye soko moja. Kadiri nywele nyingi zilivyowekwa kemikali, ndivyo biashara ya kuzikarabati ilivyokua. Tritimenti nzito za protini tunazozijua leo, kama ile ya ApHogee inayokauka chini ya draya mpaka nywele zinakuwa ngumu kama kijiti, ni za nywele zilizokwishaumizwa.

Hapa kwetu soko hilo lina jina lake. Mwaka 1985 Herman Mashaba, aliyekuwa akiuza bidhaa za kampuni ya SuperKurl, alianzisha Black Like Me huko Ga-Rankuwa pamoja na wenzake, akiwemo Johan Kriel, mzungu aliyejua kutengeneza kemikali zenyewe. Dawa za kukunja na kunyoosha nywele zikamfanya tajiri katika nchi ambayo sheria haikutaka mtu mweusi awe na kiwanda. Kiwanda chake kiliungua mwaka 1993, akajenga tena. Wengi wenu mnamjua kwa mengine, kwamba alikuwa meya wa jiji hili kuanzia 2016 hadi 2019, na kuhusu siasa zake za wahamiaji kila mtu hapa Mayfair ana la kusema. Leo tunaongea nywele.

Protini inafanya nini hasa

Sehemu kubwa ya unywele ni keratini, protini ile ile ya kucha na ya sufu ya kondoo. Miaka ya 1930 William Astbury, mwanafizikia wa Leeds, mji wa viwanda vya sufu, alipiga nyuzi za sufu na nywele kwa eksirei akaonyesha kwamba unywele ukivutwa, molekuli zake hubadilika umbo, ukiachiwa hurudi. Kinachozishikilia kwa nguvu zaidi ni viungo vya salfa vilivyomo kwenye asidi amino inayoitwa sistini.

Dawa ya kunyoosha hushambulia viungo hivyo. Zile kali hutumia kostiki, ambayo pia huzibua mabomba ya sinki. Mwaka 2010 Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha vipimo vya nywele zilizowekwa dawa: sistini ilikuwa imepungua, hata kwa wanawake ambao hawakuwa na malalamiko ya nywele kukatika. Maana yake nywele zinaweza kuwa dhaifu kabla hujaona kitu kwenye kitana. Na nywele za kujikunja zina mtihani wa ziada, kwa sababu kila mahali unywele unapopinda ni mahali unapoweza kukatikia.

Protini ya kwenye kopo haijengi upya viungo hivyo. Imekatwakatwa vipande vidogo, kutoka kwenye ngano, soya, hariri, sufu, manyoya au ngozi ya mnyama. Vipande hivyo hushika zaidi pale unywele ulipochubuka, vidogo kabisa huingia ndani kidogo, na unywele unapata ugumu na uwezo wa kuvumilia kitana. Baada ya kuoshwa mara kadhaa vinatoka. Ni kiraka kizuri, lakini ni kiraka. Unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kujiponya. Nywele mpya ndizo zitakazokuja nzima, ukiacha kuzivunja.

Ndiyo maana ukizidisha unaharibu. Wasusi wana kipimo rahisi: chukua unywele uliolowa, uvute taratibu. Ukinyooka kama ubani uliotafunwa na usirudi, unataka protini. Ukikatika papo hapo bila kunyooka, una ukavu. Protini itauzidishia ugumu, kwa hiyo upe maji na mafuta.

Na ya jikoni je? Yai la bibi ni protini kweli, ila molekuli zake ni kubwa mno kuingia. Linapaka juu na kuondoka na maji. Mafuta ya nazi ndiyo yanashangaza. Mwaka 2003 Rele na Mohile, watafiti wa India, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakakuta ya nazi peke yake yanapunguza protini inayopotea unywele unapooshwa. Walikuwa wakifanya kazi kwenye kampuni inayouza mafuta ya nazi, jambo la kukumbuka, lakini maelezo yao yana mantiki: molekuli za mafuta hayo ni nyembamba na zimenyooka, zinapenya. Bibi zetu wa Lamu na Pemba waliopaka nazi kabla ya kuosha walikuwa wakiilinda protini waliyonayo. Majani ya mkunazi, ambayo Wasomali wa 8th Avenue wanayauza kwa jina la qasil, yanaosha kwa upole. Tunayajua kwa heshima nyingine pia, kwani ndiyo yanayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti wetu.

Keratini isiyo keratini

Hapa ndipo tunapotaka muwe macho. Kuna huduma inayoitwa keratini, au "ya Brazil", inayouzwa kama tritimenti ya protini. Nyingi kati yake ni za kunyoosha, na kinachonyoosha ni fomaldehaidi ikipigwa pasi ya moto. Fomaldehaidi ikiwa kwenye maji ndiyo fomalini ya mochwari, na inatambuliwa kuwa husababisha saratani. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Oregon, Marekani, waliikuta kwenye chupa zilizodai hazina. Baadaye timu ya Cape Town ikapima bidhaa za aina hiyo, ikakuta nyingi zimevuka kiwango cha asilimia 0.2, zikiwemo zilizoandikwa kwamba hazina kabisa.

Mteja anakaa saa mbili na mvuke huo. Msusi anakaa nao siku nzima, mwaka mzima, mara nyingi kwenye chumba kisicho na dirisha la maana, na mara nyingi msusi huyo ni mama au shangazi wa mmoja wetu, aliyelipa ada zetu za chuo kwa mikono ile. Kwa hiyo hili si suala la urembo wa mteja peke yake.

Kabla hujakaa kwenye kiti, uliza mambo matatu. Je, hii inanyoosha au inaimarisha tu? Ikitoa mvuke unaowasha macho, nyanyuka. Je, protini imetoka wapi? Kolajeni inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na kwa wanaotaka halali, ya ngano au soya inaondoa wasiwasi. Na je, nywele hizi zinahitaji nini: kiraka, maji, au kupumzishwa?

Na nyumbani, tunapowachana wadogo zetu na watoto wetu, tujaribu kulitamka neno kipilipili kama tunavyotamka singa. Penseli ilishaondoka Mayfair. Sauti ile ya kucheka bado ipo, na kwa wengi wetu ndiyo iliyotupeleka kwenye kopo la kwanza.