Meli za kitalii: Maisha ya wanaohudumu baharini

KWALE haina gati ya kupokea meli kubwa za kitalii. Meli hizo hutia nanga Kilindini, Mombasa, na abiria wake hupanda mabasi asubuhi kuelekea Diani, Shimba Hills au Shimoni, wanakochukua mashua hadi Wasini. Kwa wenyeji wa Pwani ya kusini, mtalii wa meli ni mgeni wa saa chache tu. Hununua kinyago, huogelea kidogo, kisha huanza kutazama saa, kwa kuwa nahodha hamsubiri aliyekwama katika foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu imewapunguzia madereva hofu hiyo.

Uhusiano wa ndani zaidi uko kwa wafanyakazi. Kwa miongo kadhaa, hoteli za Diani zimewafunza vijana wa Ukunda, Tiwi na Msambweni kutandika vitanda, kupika na kuandaa meza. Watalii wanapotoweka, kama ilivyotokea baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ujuzi huo hukosa mwajiri. Meli ni hoteli inayotaka ujuzi uo huo, ila mtu hamalizi zamu akapanda matatu kurudi kwao.

Kazi melini hugawika katika idara tatu: sitaha, injini na hoteli. Idara ya hoteli ndiyo yenye watu wengi zaidi. Mhudumu wa vyumba huanza kazi alfajiri, hupumzika mchana, kisha hurudi jioni kutandika upya huku abiria wakila. Siku ya kubadilisha abiria ndiyo nzito kuliko zote. Maelfu ya wageni huteremka asubuhi, wengine huingia alasiri, na kati ya hayo mawili kila shuka lazima libadilishwe.

Malazi yake hayafanani na anayoyasafisha. Kwa kawaida watu wawili hugawana chumba kidogo kisicho na dirisha, mara nyingi karibu na usawa wa maji au chini yake, wakilala kwenye vitanda vya ghorofa. Alalaye juu hujifunza mapema kutoinuka kwa ghafla. Asubuhi hutambulika kwa saa ya ukutani, nayo hubadilika: meli ikielekea mashariki, usiku mmoja hupunguzwa saa nzima ya usingizi.

Wafanyakazi wana bwalo lao. Wafilipino, Wahindi na Waindonesia ni wengi, kwa hiyo wali haukosekani. Sima ni nadra. Mdigo Mwislamu aliyetoka Msambweni atakuta nyama ya nguruwe kwenye meza iyo hiyo, na kibla kitamgeukia kila meli inapogeuka, ingawa sheria ya dini humruhusu msafiri kufupisha sala. Suala la kumpelekea mgeni mvinyo ni gumu zaidi, na ni heri mtu aliamue kabla ya kutia saini mkataba.

Kila mfanyakazi, hata mwosha vyombo, ana wajibu wake king'ora kinapolia. Meli Oceanos ilipozama katika pwani ya Afrika Kusini tarehe 4 Agosti 1991, wanamuziki na watumbuizaji walikuwa mstari wa mbele kuwaongoza abiria baada ya nahodha kuondoka mapema. Watu wote 571 waliokolewa. Mwaka wa 2012, Costa Concordia iligonga mwamba nchini Italia na watu 32 wakafa, baadhi ya abiria wakiwa hawajapata mazoezi ya kujiokoa. Tangu 2015 mazoezi hayo hufanywa kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake.

Bahari yetu nayo ina historia yake. Novemba 2005, maharamia waliishambulia Seabourn Spirit karibu na Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, na kwa miaka kadhaa baadaye meli nyingi za kitalii ziliiepuka bandari hiyo.

Anayetafuta kazi hii anapaswa kuujua Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014. Unampa baharia angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Aidha, wakala haruhusiwi kumtoza ada ya kumtafutia kazi. Kando na karo ya mafunzo, baharia hujilipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Kwa hivyo, anayedai atumiwe pesa kwa M-Pesa ili “ahifadhi nafasi” anakiuka mkataba huo, hata akiwa na ofisi nzuri mjini. Leseni za mawakala hutolewa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), na ni jambo jepesi kuuliza huko kwanza.

Mikataba mingi huwa ya miezi sita hadi tisa. Ikiisha, mwenye meli hulipa nauli ya kumrudisha baharia kwao. Majuma anayokaa nyumbani akingoja mkataba mwingine mara nyingi hayana mshahara, hivyo hesabu ya karo na mabati hufanywa kabla ya kushuka ngazi ya meli.