Mtukufu Rais Yuko Kanisani

Katika miaka ya 1980, aliyewasha redio Jumapili jioni, awe Kegonga, Ntimaru au Nairobi, alijua taarifa ya habari itaanzia wapi. Ingeanza na Mtukufu Rais Daniel arap Moi, na mara nyingi ingemkuta ibadani: jina la kanisa, jina la mhubiri, kisha maneno machache ya Rais kuhusu amani, upendo na umoja. Kwa waumini wengi habari hiyo ilitosha kuwa cheti cha tabia njema. Mwalimu wa zamani aliyelelewa na wamisheni wa Africa Inland Mission, asiyekosa kanisa, angemdhuru nani?

Makanisa yalimpima mtu, yakasahau kukipima kiti alichokalia. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa dini za ukanda huu wa Ziwa Viktoria kuusoma utawala kwa kutafuta ishara.

Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba alimezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, akatapikwa akiwa na ujumbe: dini ya wazungu ni ya uongo, wazungu wenyewe watatoweka, watu waache kulima kwa sababu Mumbo atawalisha. Ujumbe huo ulivuka ghuba ukaingia Nyanza Kusini na Gusii. Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani na maafisa wa Kiingereza wakauhama mji wa Kisii, utabiri ulionekana kutimia. Watu wakaingia mjini, wakapora ofisi, maduka na misheni. Waingereza walirudi baada ya siku chache, na adhabu ikawa kali. Viongozi kadhaa wa Mumbo waliishia uhamishoni Lamu. Wafuasi hawakukosea kumwona mkoloni kuwa dhalimu. Walichokosea ni kukadiria nguvu zake, wakadhani afisa akiondoka basi himaya imeondoka.

Nusu karne baadaye, mwaka wa Madaraka, 1963, Legio Maria ilijitenga na Kanisa Katoliki katika nchi hiyohiyo ya Nyanza Kusini, ikiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Got Kwer, mlima ulio Migori, ukawa mahali pake patakatifu. Lakini nabii wa zama za uhuru alikuwa na shida ambayo Onyango Dunde hakuijua: cheti. Kanisa lisilosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama halikuwa na uhalali wa kukusanyika, na msajili aliyetoa cheti angeweza kukifuta. Anayewashutumu maaskofu wa makanisa madogo kwa kumsifu Rais kupita kiasi aanze na karatasi hiyo. Sifa nyingi za miaka ile zilikuwa ada ya kubaki hai, na sidhani wote waliozitoa waliziamini.

Makanisa makubwa hayakuwa na kisingizio hicho. Tena yalikuwa na Uganda mlango wa pili.

Idi Amin alipompindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Kampala ilisherehekea na viongozi wa dini wakashukuru. Walikuwa na sababu. Aliwaachilia wafungwa wa kisiasa, akiwemo Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki mashuhuri, ambaye baadaye alimfanya Jaji Mkuu. Aliurudisha kutoka London mwili wa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, ukazikwa Kasubi mwezi Aprili. Hata Waanglikana walipogombana wao kwa wao kuhusu nafasi ya Buganda katika kanisa lao, Amin aliwaita maaskofu na kuwabana mpaka wakapatana. Nadhani hapo ndipo kosa lilipokomaa: kanisa lilikubali mkuu wa jeshi awe mwamuzi wa ugomvi wake, likahesabu hilo kuwa ni wema.

Septemba 1972 Kiwanuka alikamatwa katika jengo la Mahakama Kuu, asionekane tena. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Kabla mwaka huo haujaisha, madhehebu 27 yalipigwa marufuku, Wabaha'i wakiwemo, ambao hekalu lao lingali juu ya kilima cha Kikaya.

Kenya ilitazama yote hayo, lakini funzo lililobaki, nijuavyo mimi, lilikuwa la kumwogopa mwanajeshi asiyesoma. Mwalimu mwenye Biblia hakuwamo katika hofu hiyo. Kwa hiyo Moi alipomrithi Jomo Kenyatta Agosti 1978, na Desemba akawaachilia wafungwa wote wa kisiasa, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mmoja wao, mimbari zilifurahi. Mwaka uliofuata watoto wa shule wakaanza kunywa maziwa ya bure, maarufu kama maziwa ya Nyayo. Lakini sheria iliyowaweka watu kizuizini bila mashtaka haikuguswa. Milango ilifunguliwa, ufunguo ukabaki mfukoni mwake.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Juni 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, kizuizini kukajaa tena. Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kikaleta kura ya mlolongo, wapiga kura wajipange nyuma ya picha ya mgombea. Hapo ndipo Baraza la Makanisa, NCCK, lilipokataa hadharani: mchungaji angesimamaje nyuma ya mmoja mbele ya waumini wanaomtaka mwingine? Ajabu kidogo kwamba utaratibu wa kupanga foleni ndio uliowaamsha, wala si watu kuwekwa kizuizini. Na hata hapo hawakuwa pamoja, kwani Africa Inland Church, kanisa la Rais, lilijitoa katika baraza. Mwaka 1988 jarida la NCCK, Beyond, lilipigwa marufuku baada ya kuandika jinsi kura zilivyoibwa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge wa Eldoret alikwenda Busia ingawa waziri Peter Okondo alikuwa ameonya kwamba hatatoka huko salama. Akafa barabarani akirudi, siku hiyohiyo.

Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Mchungaji Timothy Njoya ndio wanaokumbukwa kwa ujasiri wa miaka hiyo, na wanastahili. Lakini ujasiri hauna maana kwamba mtu hakukosea mwanzoni: hata Ujerumani, mchungaji Martin Niemöller aliwapigia kura Wanazi mwaka 1933 kabla ya kufungwa nao mwaka 1937.

Hata hivyo, Kegonga, katika nchi ya Wakuria, haikuitazama hesabu hii ya Moi kama Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Moi iliwapa Wakuria wilaya yao, makao yake Kehancha, baada ya miaka mingi ya kuwa wachache ndani ya Nyanza Kusini. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, wakati majirani zao Wajaluo walipokwenda na chama cha upinzani, FORD-Kenya, Kuria ilibaki na KANU. Mkuria aliyepiga kura hiyo, kisha akaenda kanisani kumwombea Rais, huenda alimjua vizuri kuliko askofu yeyote: alijua anachotoa, kwa nani, na kwa bei gani.