Viazi vya Bugeshi na mafunzo yanayoanzia shambani

Bugeshi ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Imelala chini ya milima ya volkano na inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wafanyabiashara huvuka kupitia Kabuhanga. Udongo wake hustawisha viazi mviringo, ambavyo kwa familia nyingi za hapo ndicho chakula na ndiyo fedha. Mafunzo ya kilimo yasiyolingana na mahali humgharimu mkulima wa huko msimu mzima.

Mfano ni mnyauko bakteria. Ugonjwa huu hukaa ardhini na husafiri ndani ya mbegu. Ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kuacha kupanda viazi kwa misimu kadhaa na kupanda nafaka mahali pake. Ushauri huo ni sahihi, lakini mwenye kipande kidogo cha ardhi hawezi kuufuata bila kukosa kipato. Mbegu zilizothibitishwa nazo ni chache na ni ghali. Kwa hiyo wengi hula au kuuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kwa kupanda, bila kujua kwamba aghalabu vidogo hivyo hutoka kwenye mashina yaliyougua.

Rwanda haijakosa washirika wa kigeni katika mafunzo. Mwaka 2007 Chuo cha Teknolojia cha Tumba, wilayani Rulindo, kilifunguliwa kwa msaada wa Japani, kikifundisha teknolojia ya habari, elektroniki na nishati mbadala. Vyuo vya namna hiyo vinahitajika, ila humfikia kijana aliyemaliza sekondari. Mama anayepalilia viazi chini ya Karisimbi anahitaji mpango mwingine.

Mpango huo ni shamba darasa. Njia hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, pale Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliposaidia wakulima wa mpunga kukabiliana na wadudu. Kikundi hukutana shambani mara kwa mara kwa msimu mzima, hukagua mimea, hujadili kilichoonekana, kisha huamua la kufanya. Rwanda iliipokea kwa msaada wa Ubelgiji, na baadaye ikaiingiza katika mpango wa taifa wa ugani uitwao Twigire Muhinzi. Wawezeshaji ni wakulima wenyewe na Kinyarwanda ndiyo lugha ya somo. Aliyewahi kukaa katika kozi inayotolewa kwa lugha asiyoimudu anajua uzito wa jambo hilo.

Nchini Kenya, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na watafiti wa hapo walikwenda hatua zaidi. Badala ya kumlaumu mkulima kwa kupanda mbegu zake, walimfundisha kuzichagua: kabla mashina hayajaanza kukauka, huchomeka vijiti kando ya yale yenye afya, na mbegu za msimu ujao hutolewa hapo tu. Katika majaribio kwenye mashamba ya wakulima, mavuno yaliongezeka kwa wastani wa zaidi ya asilimia 30. Kifaa kilichotakiwa ni kijiti.

Hata mnyauko hutambuliwa kwa bilauri ya maji safi. Kipande cha shina lililonyauka kikining'inizwa ndani yake, baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa huanza kushuka. Hakuna umeme wala maabara, na kikundi kizima huona kwa macho yake.

Njia hii ina mipaka. Shina lenye bakteria linaweza kuonekana lina afya, hivyo uchaguzi wa mbegu hauondoi mnyauko wote, na mbegu safi bado zinahitajika mara kwa mara. Tena msimu mzima wa vikao hudai muda na malipo ya mwezeshaji, na fedha za mradi hukoma tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Ni mikataba michache inayosema nani atamlipa mwezeshaji msimu unaofuata.